Ini Lisilojua Pombe

Ini na pombe, katika fikra za wengi wetu, ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana mjomba wangu wa Mbeya, dereva wa malori aliyestaafu, alipopigwa picha ya ultrasaundi na kuambiwa kwamba ini lake limejaa mafuta, minong'ono ilienea katika ukoo mzima. Mkewe akawa anampokea mlangoni kwa kumnusa. Masikini mzee wa watu! Hajaonja ulanzi wala komoni maishani mwake. Alichokionja miaka thelathini, kati ya Makambako na Mafinga, ni chipsi, kuku wa kukaanga na soda mbili kila kituo.

Ndugu msomaji, naandika kumtetea, na wala si yeye peke yake.

Mafuta na maji hayapatani. Kwa hiyo mafuta husafiri katika damu yakiwa ndani ya vifurushi vidogo viitwavyo lipoprotini. Juu ya seli ziko protini zinazovipokea, mfano wa makarani wa bohari wanaokagua stakabadhi kisha wakafungua mlango. Michael Brown na Joseph Goldstein, wa Dallas, Marekani, walikigundua kipokezi cha namna hiyo mapema miaka ya 1970, walipochunguza ugonjwa wa kurithi unaofurisha kolesteroli hata katika damu ya watoto. Mwaka 1985 walitunukiwa Nishani ya Nobel.

Kipokezi kingine cha jamii hiyo hupokea vifurushi vyepesi sana. Aghalabu hukaa katika moyo, misuli na tishu za mafuta. Katika ini lenye afya ni haba. Panya wa maabara waliokosa kipokezi hicho walilishwa vyakula vya mafuta, nao hawakunenepa kama wenzao. Kinyume chake, ini la panya likielemewa huviongeza vipokezi hivyo, na shehena ikaingia pasipo kiasi.

Hata hivyo, karani si mwenye mali. Mafuta mengi ya ini la mtu mnene hutoka katika akiba ya mwili wake, na mengine hutengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga. Soda haina mafuta hata chembe, lakini huishia kuwa mafuta. Mtu akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, kwa kawaida ini nalo hupungukiwa mzigo.

Mambo haya si ya madereva tu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2004/05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa umri wa uzazi wana uzito uliozidi. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba mtoto mwenye unyafuzi naye huwa na ini lililojaa mafuta. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba, kwa kukosa protini, ini lake hushindwa kufunga vifurushi vya kuyatoa mafuta nje. Mzee amejaza bohari. Mtoto amekosa magunia. Nao huishi kando ya barabara kuu ile ile. Mwaka 2022 zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikutwa wamedumaa, na Iringa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi.