Maadui wa Mlinzi Wetu

Katika wanyama wote waliokubali kuishi na mwanadamu, hapana aliyemkaribia kama mbwa. Hulala nje kizingitini ili sisi tulale ndani kwa amani. Lakini mlinzi huyu naye ana maadui wasiobisha hodi: kupe, viroboto na chawa.

Mimi nafuga mbwa mmoja, jina lake Simba. Kila Jumamosi asubuhi humlaza kivulini nikampapasa masikioni, shingoni, kwapani na katikati ya vidole, maana huko ndiko kupe apendako kujibanza. Nimpatapo, humshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, nikamvuta polepole, kisha nikamtumbukiza katika spiriti. Simpondi kwa vidole, kwa kuwa damu yake yaweza kuwa na vijidudu.

Jirani yangu alinikuta katika kazi hiyo akacheka. "Bwana," akasema, "mbwa ni mbwa. Kupe na viroboto si ndiyo mavazi yake?"

Neno hilo husemwa na wengi, nami siwezi kulikubali. Kupe wa mbwa, mwenye rangi ya hudhurungi, akishiba damu huanguka, akaingia katika ufa wa ukuta, na humo jike mmoja huweza kutaga mayai kwa maelfu. Waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kwangu mimi walisema kweli mara mbili. Damu anyonyayo kupe ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni ugonjwa auachao. Mwaka 1935, huko Aljeria, wataalamu wawili, Donatien na Lestoquard, walieleza ugonjwa waliouona katika mbwa wenye kupe. Vijidudu vyake leo huitwa Ehrlichia canis. Mbwa apatwaye nao hushikwa na homa, hukataa chakula, hukonda, na pengine hutokwa na damu puani mpaka akafa.

Kiroboto ana hila nyingine. Yai lake halikai manyoyani, bali huanguka penye malazi, na buu lake hukua vumbini. Kwa hiyo amwoshaye mbwa akayaacha malazi yake amefanya nusu ya kazi. Tena mbwa amezapo kiroboto kwa kujiguguna huweza kupata tegu; na mtoto mchanga achezaye naye, akimeza kiroboto wa namna hiyo, hupata tegu hiyo hiyo.

Hayo ndiyo niliyomjibu jirani. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama dawa ya kuogeshea ng'ombe ingemfaa mbwa wake. Nikamwambia asikisie kipimo, maana dawa iliyozidi huua mgonjwa pamoja na kupe wake. Amwulize kwanza daktari wa mifugo.

Kijana usomaye, mbwa hawezi kusema kwamba anaumwa. Ulimi wake ni macho yako na vidole vyako. Ukimfunga mlangoni akulinde usiku, umejifunga nawe kumtazama mchana.