Msikate Fremu

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa dakika nne. Niliusikiliza asubuhi, nilipokwenda kuchukua simu yangu kwa jamaa anayechaji kwa sola hapa Base Camp. Nyuma ya sauti ya mdogo wangu kulikuwa na mlio wa mashine ya kukatia vyuma, nikajua yuko gereji, Buyenzi, na kwamba kuna kitu kinataka kukatwa.

"Kaka, yule mteja amekubali bei. Lakini anataka tuifanye upya. Shokapu mpya za mbele, breki za diski, taa ya LED, moto wa elektroniki, na nyuma tukate fremu tuweke kiti kifupi cha mtu mmoja. Anasema spea zote atatuma kutoka Ubelgiji. Nakungoja wewe useme."

Piki anayoizungumzia ni Honda CB350 ya baba yetu, ya mwaka 1971. Baba aliinunua kwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao. Tulipokimbia mwaka 2015, mimi na mama tulikuja huku Uganda, hatimaye tukafika Nakivale. Mdogo wangu alibaki na piki ikabaki naye, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiiuliza kama mtu anavyomuuliza mgonjwa: panya hawajala waya? Injini bado inazunguka kwa mkono?

Mimi mwenyewe ni fundi. Nimekulia Buyenzi, na mwenyeji wa Bujumbura akisikia hivyo haulizi ulijifunzia wapi ufundi. Hapa nina kibanda chini ya mti, natengeneza Boxer na TVS za vijana wa boda. Kule kwetu tulikuwa tunasema bugi, hapa nimejifunza kusema plagi; kule esansi, hapa petroli. Lakini chuma ni chuma. Kwa hiyo mdogo wangu alinitaka kwanza kama kaka mkubwa atoe ruhusa, halafu kama fundi atoe shauri. Nimegundua kwamba watu hawa wawili hawakubaliani.

Niseme kwanza kilichonisumbua, ili wasomaji wasidhani ni mambo ya chuma tu. Pesa ya mteja ingetosha mdogo wangu afungue gereji yake mwenyewe, na sehemu ingekuja huku. Tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa na familia kupangwa makundi, kila mtu hapa anajua sehemu kama hiyo ina maana gani. Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kukaa kwenye kiti na kusema "hapana, iacheni kama baba alivyoiacha." Maneno hayo ni ya mtu aliyeshiba.

Ila pia sikutaka iharibiwe. Wazee wa Buyenzi walikuwa na msimamo wao: chuma cha Mjapani usikiguse, yule aliyekichora anajua kuliko wewe. Vijana wana wao: kitu cha zamani ni cha zamani, weka kipya. Wote nawaona wanasema nusu.

Chukua suala la moto wa plagi. Injini ya CB350 ina silinda mbili, na krankishafti yake imepangwa hivi kwamba pistoni moja ikiwa juu, nyingine iko chini. Ndiyo maana ina pointi seti mbili na koili mbili, kila silinda na yake. Mwaka jana mdogo wangu alitaka kuiamsha kwa kufunga CDI ya Boxer. Alihangaika nayo siku mbili. Boxer ina pistoni moja, bwana! Kile kiboksi kinajua kuhesabu hadi moja. Nilicheka mpaka wateja wangu wakaniuliza kuna nini. Lakini vipo vifaa vya elektroniki vilivyotengenezwa mahususi kwa injini ile ya Honda, na hivyo ni vizuri: hakuna tena kurekebisha nafasi ya pointi kila mara, ile milimita 0.3 au 0.4 iliyomfanya baba aazime miwani ya jirani. Nikamwambia viwekwe, kwa sharti moja: pointi za zamani na sahani yake zifungwe kwenye nailoni na kuwekwa chini ya kiti. Pointi zikichoka zinakuaga polepole, unazisugua na msasa barabarani unafika nyumbani. Kiboksi kikifa kimekufa. Na mtu aliyekwama Gitega hawezi kuagiza kingine kutoka Ulaya kabla ya magharibi.

Taa ya LED sina ugomvi nayo. Mfumo wa chaji wa piki ile ni dhaifu, taa inayokula umeme kidogo ni msaada mtupu. Rektifaya yake ya zamani nayo itolewe bila kuombewa dua.

Kabureta, hapo nilisema hapana haraka. Mteja alitaka kuondoa maboksi ya hewa na kuweka vile vichujio vya koni vinavyokaa wazi, kwa sababu vinapendeza kwenye picha. Kabureta zile zina mpira mwembamba ndani, unaoinuliwa na mvuto wa hewa. Ukibadilisha njia ya hewa unauchanganya, piki inakohoa katikati ya mwendo, halafu unaanza kubadilisha jeti moja baada ya nyingine mwezi mzima. Na vumbi je? Injini ile haina hata chujio cha oili cha kubadilisha. Ina kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni. Usiilishe vumbi kwa ajili ya picha.

Sasa breki.

Hapa ilibidi nikae. Breki ya mbele ya CB350 ni ya dramu, yenye viatu viwili ambavyo vyote vinakaba kwa kufuata mzunguko wa gurudumu. Kwa wakati wake ilikuwa breki nzuri. Lakini sisi nyumbani tuliichukia, kwa sababu mwaka 1997 ilitaka kumuua baba, na mama nyuma yake.

Walikuwa wanashuka kutoka Bugarama. Anayeijua barabara hiyo anajua. Bugarama iko juu ya mita 2,000, Bujumbura iko chini kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 800, na katikati ni kona juu ya kona. Ndiyo ile barabara ambayo vijana wa baiskeli wenye ndizi hupanda wakiwa wameshika nyuma ya lori, halafu hushuka kama mawe. Baba alipofika chini ya nusu ya mteremko, breki ikaisha. Alivuta mkono ukagusa usukani, hakuna kitu. Akachagua ukuta wa udongo kuliko bonde. Mguu wake ulivunjika, mama alichanika mkono kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, na tangi la piki likapata bonde upande wa kushoto. Baba alichechemea mpaka alipofariki.

Tangu siku hiyo kwetu neno "dramu" lilikuwa kama jina la jirani mchawi. Mimi nilikua fundi nikiamini hivyo. Mteja wa kwanza niliyembadilishia dramu kuwa diski sikumtoza pesa ya kazi, na hakujua kwa nini.

Kwa hiyo nilipomsomea mama orodha ya mteja, nilifikia breki nikasema kwa furaha, "Na dramu ya kuzimu inatoka." Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Baba yenu alizima injini tangu kule juu," akasema.

Nikamuuliza nini.

"Alizima injini. Alikuwa anabana esansi. Si ilikuwa wakati wa vikwazo?"

Wasomaji vijana na wageni huenda hawajui: mwaka 1996, baada ya mapinduzi, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, vikaja kuondolewa mwaka 1999. Esansi ilikuwa ya magendo, inauzwa kwenye chupa, bei ya kulia. Watu walishuka milima wakiwa wamezima. Wengi.

"Mbona hukusema miaka yote?"

"Mlikuwa watoto. Mkasema ni breki. Nikaacha iwe breki."

Nilirudi kibandani nikafungua Boxer ya watu nisijue naitafuta nini. Piki ikiwa imewashwa na iko kwenye gia ya pili au ya tatu, injini yenyewe inaishika. Breki inasaidia tu. Ukizima na kuweka huru, uzito wote, watu wawili na mzigo, unaning'inia kwenye viatu vile viwili. Dramu ikichemka inatanuka, inakimbia mbali na viatu, mkono unavutika hadi mwisho bila kushika chochote. Na viatu vya piki yetu havikuwa hata vya Honda. Wakati ule tulikata vipande vya bitana za breki za lori tukavigandisha. Nasema tulikata. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mimi ndiye niliyeshika gundi.

Sikumweleza mama hilo la gundi. Sasa nimeliandika hapa, na yeye hasomi.

Basi nikarudi kwenye swali la mdogo wangu nikiwa mtu mwingine kidogo. Je, diski iwekwe? Nimesema ndiyo. Si kwa sababu dramu ina hatia. Ni kwa sababu leo barabara zina magari yanayosimama ghafla kuliko ya mwaka 1971, na mwenye piki ni mgeni nayo, hatakuwa na masikio ya baba. Tena Honda wenyewe hawakuona haya kubadilisha: waliipa CB750 diski mbele mwaka 1969, na walipotoa 350 ya silinda nne mwaka 1972 nayo wakaipa. Anayesema diski inaharibu asili ya piki ile ajue kwamba asili yenyewe ilikuwa njiani kuelekea huko.

Ninachokataa ni shokapu alizochagua mteja. Alituma picha: zile nene zilizogeuzwa juu chini, kutoka piki ya mashindano ya cc 600, na diski mbili kubwa. Zinavutia, sikatai. Lakini fremu ya CB350 ni mabomba membamba. Shingo yake ilichorwa kwa ajili ya shokapu nyembamba na breki ya kadiri yake. Ukiipa mikono ya bondia kwenye shingo ya mwanafunzi, siku ukibana kwa nguvu zile breki hazitashindwa; kitakachoshindwa ni kitu kingine. Pia nyingi ya shokapu hizo ni fupi, pua ya piki inashuka, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mwendo. Nilimshauri atafute sehemu ya mbele ya Pulsar, yenye diski moja. Uzito wa piki hizo mbili haupishani sana, spea zipo hata Mbarara, na fundi wa mashine ya kuchonga atatengeneza bushi za beringi za usukani. Mteja akajibu kwamba Pulsar si piki ya heshima. Nikamwambia mdogo wangu amjibu kwa adabu kwamba hospitali pia si mahali pa heshima.

Fremu isikatwe. Hilo nalo nilimpa mdogo wangu sababu za kifundi: ile sehemu ya nyuma ndiyo inayoshika vichwa vya shokapu za nyuma na mlinzi wa tairi, ukiikata vibaya na kuchomelea kwa fundi wa milango, itapasuka ndani ya mwaka. Breki, taa, moto wa plagi, vyote vinafunguliwa kwa spana na vinaweza kurudi. Aliyekata fremu harudishi.

Hizo ni sababu za kweli. Ila niwe mkweli na hapa: kiti kifupi cha mtu mmoja maana yake ni kwamba nafasi ya nyuma, alipokaa mama, haipo tena. Kuna ndugu wa mashirika walionisikia nikisimulia wakasema piki hii ni mfano wa maisha ya mkimbizi, ya zamani na mapya kwa pamoja. Wana nia njema. Lakini mimi naongelea kiti.

Mteja alinyamaza wiki mbili. Mdogo wangu alianza kunilaumu, na nilimwelewa, yeye ndiye anayelipa kodi ya ile gereji ya watu. Nikaanza kuandika ujumbe wa kukubali kila kitu, nikaufuta, nikauandika tena. Juzi mteja amejibu. Pulsar sawa, ataivumilia. Fremu sawa, kiti kirefu kitabaki ila kishonwe upya kwa ngozi. Bei ameipunguza kidogo. Jambo moja tu hataki kujadili: bonde la tangi lizibwe na tangi lipakwe rangi mpya.

Mdogo wangu alituma picha pamoja na hilo jibu. Gurudumu la mbele na dramu yake vimeshatolewa, viko kwenye gunia la sukari, limefungwa kwa kamba na kuandikwa jina la baba kwa makaa. Kando, tangi liko juu ya meza, bonde linaonekana vizuri.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana kuhusu bonde. Nilimpelekea mama simu, nikamkuzia picha kwa vidole. Aliitazama sana, akiwa ameshika mkono wake pale penye kovu.

"Walizibe," akasema. "Nimelichoka."

Nikabonyeza nikarekodi: tangi lipigwe rangi. Gunia usiuze.