Sifa ya Wakili

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu palikuwa na duka la watu wawili, watoto wa ndugu. Waligombana kwa sababu ya hesabu, wakapelekana mahakamani. Shauri lilichukua miaka, na kila mmoja aliuza alichokuwa nacho apate kumlipa wakili wake. Mwishowe mmoja alishinda, lakini duka lilikuwa limekwisha fungwa. Watu walimsifu sana wakili wa mshindi, nami nilimsifu pamoja nao. Sikujiuliza mshindi alipata nini.

Baada ya miaka mingi nilisoma maisha ya Mohandas Gandhi, aliyoyaandika mwenyewe. Dunia inamkumbuka kwa uhuru wa Bara Hindi. Ni wachache wakumbukao kuwa alikwenda Afrika ya Kusini kwa shauri la biashara. Wakati ule hakuwa na sifa ya kujivunia. Alikuwa amepata cheo cha uwakili London mwaka 1891, lakini katika shauri lake la kwanza Bombay, kwa ujira wa rupia 30, alisimama, kichwa kikamzunguka, akaketi bila ya kuuliza swali hata moja. Ujira ule hakutaka kubaki nao. Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla ilimwajiri kwa mwaka mmoja, kwa pauni 105. Safari yake ilipitia Lamu, Mombasa na Unguja, na hapana aliyejua ni nani apitaye.

Dada Abdulla alimdai Tyeb Sheth, jamaa yake, pauni 40,000. Kazi ya Gandhi ilikuwa kuwasaidia mawakili wakubwa. Alijifunza utunzaji wa daftari za hesabu, akachambua kila karatasi, akaona kuwa haki ya tajiri wake ilikuwa na nguvu. Mwingine angalitamani vita. Yeye aliona gharama zikiwala mdai na mdaiwa pamoja, akawasihi wakubali msuluhishi. Dada Abdulla alishinda. Lakini Tyeb Sheth hakuweza kulipa kwa mara moja pauni zipatazo 37,000 pamoja na gharama, na kwao kufilisika kulikuwa aibu kuliko kifo. Hapo Gandhi alifanya kazi iliyokuwa ngumu zaidi: alimwomba mshindi apokee haki yake kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Mshindi alikubali, na heshima ya wote wawili ikazidi mbele ya watu.

Najua kuwa wako wadaiwa wasiosikia ila hukumu, na mbele yao wakili hana budi kupigana mpaka mwisho. Lakini nguvu ya kupigana ni sehemu moja tu ya sifa yake. Sehemu ya pili huonekana shauri likiisha, katika hali ya wale waliomwendea.

Wakili wa mtaani kwetu alikuwa hodari, sikatai. Mdai alikuwa na mtetezi, na mdaiwa alikuwa na wake. Duka halikuwa na mtetezi.