Kimya cha Montserrat



Wazee wetu walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mara nyingi methali hiyo huchukuliwa kuwa onyo juu ya mtu: anayenyamaza, usidhani kwamba hana neno. Leo tunapenda kuitumia juu ya mahali. Kuna mahali panaponyamaza, na mpita njia hufurahia utulivu wake bila kuuliza umetoka wapi. Jambo hilo tulilitambua mbali na kwetu, katika kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi kiitwacho Montserrat, nasi tumeona vema kuwashirikisha, kwa kuwa linatugusa sana sisi watu wa Kivu.

Maisha ya visiwa vya Karibi yanatawaliwa na majira mawili. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Novemba ni majira ya tufani, na wenyeji hukaza mapaa yao na kusikiliza redio kwa hofu. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili mvua hupungua, na kwa kuwa wakati huo Ulaya na Amerika ya Kaskazini zimeshikwa na baridi, wageni humiminika visiwani kutafuta jua. Hayo ndiyo majira makuu ya utalii. Sisi watatu wa chama hiki, tuliokuwa wageni wa jamaa zetu katika kisiwa cha Antigua, tuliyaona kwa macho yetu mwezi wa Januari. Katika bandari ya Saint John's, meli kubwa kama majengo ya ghorofa zilishusha maelfu ya watu kwa siku moja. Muziki ulivuma kila upande, madereva waliita abiria, na wachuuzi walipanga kofia na shanga hadi kando ya barabara.

Kutoka huko tulipanda ndege ndogo kwenda Montserrat, safari ya dakika 20 hivi. Majira yalikuwa yale yale, jua lile lile, bahari ile ile. Lakini huko tulipokelewa na kimya. Barabarani gari moja lilipita, kisha tukangoja kwa muda kabla ya kuona jingine. Kwenye ufuko wa mchanga wa kijivu hapakuwa na mtu ila mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu. Katika nyumba ya wageni tulikolala, meza zilikuwa nyingi kuliko walaji. Usiku hatukusikia ngoma wala pikipiki, bali vyura wa mitini tu. Mgeni mmoja kutoka Ulaya, aliyeketi karibu nasi, alitueleza kwamba anarudi huko kila mwaka kwa ajili ya kimya hicho, kwa maana hakuna mahali pengine panapompumzisha hivyo. Alisema kweli, nasi hatumlaumu. Hata sisi tulipumzika.

Siku ya pili dereva mmoja, mzee wa makamo, alitupeleka kwenye kilima cha Garibaldi, ambako mtu huutazama mji wa Plymouth kutoka juu. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa.

Plymouth ulikuwa mji mkuu wa kisiwa: bandari, soko, hospitali, shule, makanisa. Juu yake kuna milima iitwayo Soufrière Hills. Volkano ya milima hiyo ilikuwa haijawahi kulipuka tangu watu walipoanza kuandika historia ya kisiwa. Kwa karne nyingi watu walilima kwenye miteremko yake wakiiona kuwa mlima kama milima mingine. Tarehe 18 Julai 1995 ikaamka. Watu wakahamishwa, wakarudi, wakahamishwa tena. Tarehe 25 Juni 1997 wingu la moto, lenye gesi, majivu na mawe, liliteremka kwa kasi na kuua watu 19, wengi wao wakiwa wakulima waliokuwa wameingia katika eneo lililokatazwa ili kutunza mimea na mali zao. Mwaka huo huo Plymouth ulikwisha kuachwa kabisa, na uwanja wa ndege wa zamani uliharibiwa. Hadi leo zaidi ya nusu ya kisiwa, upande wa kusini, ni eneo lisiloruhusiwa kukaliwa. Kabla ya mlipuko kisiwa kilikuwa na watu wapatao 11,000. Leo hawafiki 5,000. Wengi wa waliotoka wako Uingereza, wengine Antigua na visiwa vya jirani.

Kutoka juu ya kilima tuliona mapaa yakichomoza katika majivu yaliyogeuka kuwa ardhi, na miti ikikua katikati ya vyumba vya watu. Dereva alinyoosha kidole na kutuonyesha. Pale ni soko, alisema. Pale ni shule yangu. Shangazi yangu anakaa pale, nyuma ya ule ukuta. Tuliona kwamba hakusema „alikaa“. Shangazi huyo amezikwa Uingereza, kama alivyotueleza baadaye njiani, lakini katika maneno ya mpwa wake bado anakaa Plymouth. Mji ule haukuwa kimya kwake. Kila ukuta ulikuwa na sauti ya mtu fulani, na sauti hizo alizisikia yeye peke yake, kwa sababu sisi hatukuwajua wenyewe.

Tangu hapo kimya cha kisiwa kilibadilika masikioni mwetu. Tulitambua kwamba kwa mgeni kimya ni kitu kilichopo, kama jua au upepo, kitu anachokifurahia na kukilipia. Kwa mwenyeji kimya ni watu wasiokuwapo. Tena tuliambiwa kwamba wakati wa Noeli hadi Mwaka Mpya, na katika juma la Mtakatifu Patrisi mwezi wa Machi, waliotawanyika hurudi kwa wingi, na barabara hujaa ngoma na vicheko. Sikukuu hiyo ya Machi ina maana mbili: Wakatoliki kutoka Ireland walikuwa kati ya walowezi wa kwanza wa karne ya 17, na tarehe 17 Machi 1768 watumwa Waafrika walipanga kuasi ili wapate uhuru, wakasalitiwa, na viongozi wao wakauawa. Basi wajukuu wao hukutana siku hiyo, hucheza, hula pamoja, kisha hupanda tena ndege na meli. Kile tulichokikuta Januari kilikuwa kimya cha nyumba baada ya wageni wa sikukuu kuaga. Na wageni hao ndio wenye nyumba.

Ndugu vijana, sisi hatukuhitaji mtu wa kututafsiria jambo hilo. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma hadi ziwani, ukafunika maduka, nyumba na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huo ulilipuka tena, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Mamia ya maelfu walitembea kuelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Waliobaki wanakumbuka kimya cha mitaa ya Goma siku zile: milango imefungwa, hakuna mwito wa muuza mkate, hakuna chukudu inayoshuka mlimani. Nani kati yetu angekiita kimya hicho utulivu?

Lakini hatari iko hapa. Volkano ikiondoa watu kwa siku moja, kila mtu huona. Watu wakiondoka mmoja mmoja, kimya huingia polepole, na masikio huzoea. Katika vikundi vyetu vya parokia, kijana aliyekimbia vita na familia yake haji tena. Mwingine amekwenda machimboni, mwingine Kampala. Msichana fulani ameacha kuimba kwa kuwa ana mimba na anaona haya. Mwingine bado anakuja, ila hasemi neno tangu ndugu yake alipouawa. Nasi tunaandika katika ripoti kwamba kikundi kinaendelea vizuri, hakuna ugomvi, mikutano ni mitulivu. Yawezekana mikutano ni mitulivu kwa sababu wenye maneno hawapo.

Maandiko Matakatifu yanatufundisha mambo mawili juu ya kimya. Kaini alipomwua Abeli shambani, palikuwa kimya, na Mungu akakivunja kwa kumwuliza alipo ndugu yake. Naye nabii Eliya, mlimani Horebu, aliona upepo mkali, tetemeko la nchi na moto, na Bwana hakuwamo katika hayo. Ndipo ikafuata sauti ndogo, ya upole. Tunaipenda sehemu hiyo na tunaisoma katika mafungo yetu. Mara nyingi tunaishia hapo. Lakini katika kimya kile Mungu alimwuliza Eliya anafanya nini pale, kisha akamrudisha alikotoka, kwa watu, akiwa na kazi ya kufanya. Kimya cha Mungu hakimfichi mtu mbali na ndugu zake. Kina swali ndani yake, na baada ya swali kuna utume.

Siku ya Dominika tulisali Misa pamoja na Wakristu wa Montserrat, ambao ni wa jimbo la Saint John's-Basseterre. Kanisa lilikuwa dogo na watu walikuwa wachache. Katika maombi ya waamini, mama mmoja aliwataja kwa majina walio ng'ambo ya bahari, na walioitika waliitika kama watu wanaowajua. Orodha ilikuwa ndefu. Hakuna aliyeonekana kuchoka. Tulielewa kwamba jumuiya hiyo haikubali kuhesabiwa kwa viti vilivyojaa tu.

Wenyeji wa kisiwa hicho hawakai wakilia. Wamejenga upya upande wa kaskazini, wamepata uwanja mpya wa ndege tangu mwaka 2005, na mchanga ulioletwa na mlima wanauchimba na kuuuza katika visiwa vingine kwa ajili ya ujenzi. Kilichobomoa mji wao sasa kinajenga nyumba za jirani. Hilo nalo tunaweza kulitafakari, sisi tunaojenga kuta zetu kwa mawe meusi ya Nyiragongo.

Kwa mkutano wenu wa juma hili tunapendekeza tendo moja. Kabla ya sala ya kufungua, katibu asome majina yote ya daftari la mwaka jana, bila kuruka hata moja. Baada ya kila jina lisiloitikiwa, kaeni kimya kidogo. Kisha jiulizeni:

1. Yuko wapi ndugu yetu huyu, na ni nani kati yetu aliyesikia habari zake mara ya mwisho?
2. Je, kuna aliyepo hapa ambaye amenyamaza, nasi tumeuona unyamavu wake kuwa tabia njema?
3. Nani atakwenda kumtembelea, kumpigia simu au kumwandikia kabla ya Dominika ijayo?

Swali la tatu lisijibiwe kwa kusema „sisi sote“. Andikeni jina la atakayekwenda mbele ya jina la anayetafutwa. Bikira Maria wa Montserrat, ambaye kisiwa kile kilipewa jina la patakatifu pake pa Hispania, awaombee wote waliotawanyika, wa kwao na wa kwetu.