Gurudumu Dogo na Mwendo Wake

Baiskeli ya kukunja ipitapo barabarani hutazamwa kwa huruma. Magurudumu yake ni madogo kama ya kigari cha mtoto, na mpandaji huonekana kama mtu atwangaye maji kinuni. Watazamaji hukata shauri palepale kwamba chombo kile ni kizito wa mwendo, na kwamba mwenyewe huilipa kwa jasho raha ya kuikunja na kuiweka chini ya meza. Hukumu hiyo hutolewa kwa macho, na hesabu haiitwi kutoa ushahidi.

Zamani hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Katika miaka ya 1870 pedeli zilifungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe. Duru moja ya mguu ilikuwa duru moja ya gurudumu, wala si zaidi. Aliyetaka mbio hakuwa na budi kupanda gurudumu kubwa, naye aliwekewa mpaka na urefu wa miguu yake. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya Rover, iliyosukumwa kwa mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma. Baada ya hapo idadi ya meno ndiyo iliyoamua mwendo, lakini imani ya zamani haikuondoka pamoja na gurudumu lililoizaa.

Gurudumu la baiskeli kubwa lina mzingo wa mita 2.2 hivi. Likipewa meno 44 mbele na 18 nyuma, duru moja ya pedeli huipeleka baiskeli mita 5.4. Gurudumu la inchi 16 la baiskeli ya Brompton, ambayo Andrew Ritchie alianza kuibuni London katikati ya miaka ya 1970, lina mzingo wa mita 1.33 hivi. Likipewa meno yale yale, duru moja ni mita 3.25 tu, mpandaji apigaye duru 60 kwa dakika hafikishi kilomita 12 kwa saa, na mwenzake wa gurudumu kubwa hupata 19. Hapo watazamaji wamesema kweli. Lakini Brompton nyingi za gia 3 zimepewa meno 50 mbele na 13 nyuma. Duru moja huwa mita 5.1, na mwendo hupita kilomita 18. Hiyo ni gia ya kati. Gia ya juu, iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, huongeza theluthi na kufikisha mita 6.8.

Kwa hiyo yuko mnunuzi adhulumiwaye. Hupewa baiskeli ya kukunja iliyotiwa meno ya baiskeli kubwa, akachoka njiani, akalilaumu gurudumu. Gurudumu halina kosa. Mwenye kosa ni aliyepanga meno.

Alex Moulton, mhandisi wa Bradford on Avon aliyebuni springi za mpira za gari la Mini, alilipeleka shauri hili barabarani. Mwaka 1962 alitoa baiskeli ya magurudumu ya inchi 16. Haikuwa ya kukunja, lakini Desemba ya mwaka ule ule John Woodburn aliipanda kutoka Cardiff mpaka London, akavunja rekodi ya njia hiyo.

Moulton hakushinda kwa meno peke yake. Gurudumu dogo huzama zaidi katika shimo ambalo kubwa hulivuka, na kila mtikiso hula nguvu za mpandaji. Kwa sababu hiyo alitia springi mbele na nyuma, na matairi membamba yaliyojazwa upepo mwingi. Meno machache ya nyuma nayo yana gharama yake: mnyororo huyapitia mara nyingi zaidi, nayo huchakaa upesi.

Wala meno hayaumbi nguvu. Mita 6.8 kwa duru ni tamu penye tambarare. Penye mlima mguu husimama. Hapo gia ya chini, ambayo ni robo tatu ya ile ya kati, huleta mita 3.8, na kwa magoti ya wengi hata hizo ni nzito. Wenye kazi ng'ambo ya kilima huomba meno 44 mahali pa 50: hupoteza kama thumni ya mwendo katika kila gia, nao hufika juu wakiwa wameketi.