Mtoto Aoshwe Mara Ngapi?



Mimi ni mwalimu mzee. Nilifundisha miaka 38 katika shule za misheni, juu ya milima ya Bushi, upande wa Bukavu. Leo sitawaandikia habari za hesabu wala za kusoma. Nataka kusema neno la nyumbani kabisa: kuosha watoto wadogo. Labda mtacheka na kusema: «Mwalimu amezeeka, sasa anaingia kazi za wanawake!» Chekeni, lakini someni mpaka mwisho. Maana mimi na mke wangu tulinyamaza juu ya jambo hili muda wa miaka 50.

Mwaka 2019, mwezi wa saba, mke wa mwana wetu wa mwisho alizaa. Ninyi wa milimani mnajua baridi ya mwezi wa saba: mchana jua kali, usiku upepo unaingia mpaka mifupani. Alizaa usiku katika kituo cha afya. Mtoto msichana, mzima, kilo 3. Kulipopambazuka mke wangu alishika njia: beseni kichwani, termosi ya maji ya moto mkononi, sabuni mpya katika kikwembe. Mimi nilimfuata na fimbo yangu.

Tulimkuta mtoto amelazwa uchi juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa blanketi pamoja. Kichwani alivalishwa kofia ndogo. Shingoni na makwapani yalionekana bado mafuta meupe ya tumboni. Mke wangu akapaaza sauti:

«Nani amemwacha mjukuu wangu hivi? Hata mbuzi humlamba mtoto wake!»

Mkunga alikuwa msichana niliyemfundisha kusoma. Akajibu kwa heshima: «Koko, tumempangusa vizuri kwa kitambaa kikavu. Leo hatumwoshi. Mtamwosha kesho, akiisha kutimiza saa 24.»

«Mimi nimezaa watoto saba, na wote waliogeshwa kabla ya kunyonya. Wewe umezaa wangapi?»

«Bado, Koko,» akasema yule binti, akatazama chini. Kisha akaniangalia mimi, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu amsaidie.

Mimi nilikuwa natazama lile beseni. Mke wangu alisema watoto saba. Lakini nyumbani mwetu walikua sita tu.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka 1969, naye mwezi wa saba, alfajiri. Uchungu ulikuja upesi, hatukuweza kufika materinite. Wazee wa kike walimpokea nyumbani, wakamwosha mara moja, kama desturi ilivyotaka. Maji yalitoka kisimani, yalipashwa moto kidogo tu. Mlango ulikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka kumtazama. Waliosha kwa sabuni, wakarudia, mpaka alama yote ya damu ikaisha. Kwanza mtoto alilia kwa nguvu, sisi tukafurahi. Baadaye sauti yake ikapungua. Miguu yake ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Tulimfunga blanketi, lakini blanketi halizai joto. Linatunza tu lile lililopo. Hakuweza kunyonya. Usiku wa pili alikufa.

Basi, watu wakatafuta mwenye kosa. Wakasema ni jicho la mtu. Mjane mmoja, jirani yetu, alikuja siku ile kutazama mtoto na kutuletea kuni. Yeye ndiye aliyenyoshewa kidole. Sisi hatukumshitaki, lakini pia hatukumtetea. Mwaka haukuisha, akahama kilima.

Miaka mingi baadaye niliitwa pamoja na walimu wengine kusikiliza mafundisho ya afya. Mwenye kufundisha alieleza namna mtoto mchanga anavyopoteza joto. Mwili wenye maji, yakikauka juu yake, hupoa. Mtu mzima hutetemeka, akapata joto. Mtoto mchanga hajui kutetemeka vile, na mwili wake ni mdogo, joto lake linaponyoka upesi. Joto linalomfaa ni digri 36,5 mpaka 37,5. Likishuka sana, ananyonya vibaya, anakosa nguvu, na nguvu zikikosekana anazidi kupoa. Nilikaa pale katika kiti, moyo wangu ukawa mzito. Niliporudi nyumbani, sikumwambia mke wangu neno. Niliogopa kumtonesha kidonda.

Sasa kule katika kituo nikamshika mkono: «Mama, ngoja. Twende nje kwanza.» Chini ya mikalitusi nikamwambia yote. Nilidhani atalia. Akanitazama tu, akasema:

«Nilijua, Mwalimu. Mtawa wa materinite alinieleza nilipokuwa na mimba ya tatu. Ndiyo sababu wale wengine niliwaogesha mlango umefungwa, karibu na moto. Wewe ulifikiri mimi nalala, usiku ule wote?»

«Basi kwa nini umeleta beseni?»

Akakaa kimya. Kisha: «Nikiacha kuosha leo, ni kusema kwamba yule wa kwanza…» Hakumaliza.

Tulirudi ndani. Akaliingiza beseni chini ya kitanda, akamwuliza mkunga: «Binti yangu, kesho saa ngapi?» Kesho yake, saa sita mchana, jua likiwa kali, yeye mwenyewe alimwosha mjukuu wetu. Nilisikia kilio chake mpaka nje. Kilikuwa kilio cha mtoto mwenye nguvu.

Sitaki kusema uwongo: hakuna mganga aliyemtazama mwana wetu wa 1969, labda alikuwa na ugonjwa mwingine. Lakini najua kwamba tulimnyang'anya joto siku aliyolihitaji kuliko siku zote.

Sasa sikilizeni, wazazi vijana. OMS, ndilo shirika la afya la dunia nzima, lilishauri mwaka 2013, likarudia mwaka 2022: mtoto asioshwe kabla ya saa 24. Na kama desturi inawabana kabisa, angalau ngojeni saa 6. Lakini kumpangusa na kumkausha ni mara moja, asikawie. Sababu ya kwanza ni joto. Sababu ya pili ni yale mafuta meupe: si uchafu, yanalinda ngozi yake. Sababu ya tatu ni titi: mtoto akiachwa kifuani pa mama, anaanza kunyonya upesi. Kule Bogotá, nchi ya Colombia, tangu mwaka 1978 waganga waliwaweka hivi watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ngozi kwa ngozi mchana na usiku, na njia hiyo imeenea ulimwenguni. Kifua cha mama ni moto usiohitaji kuni.

Na baadaye, mara ngapi? Hapo tena palikuwa na ugomvi. Mkwe wangu anakaa mjini, katika mtaa ambamo bomba linatoa maji siku nyingine, siku nyingine halitoi. Siku za ukavu ananunua maji kwa bidoni. Mke wangu alitaka mtoto aogeshwe asubuhi na jioni, majirani wasiseme mama yake ni mchafu. Yule binti alichoka, akaniambia: «Baba, maji yote yanakwisha katika beseni la mtoto, nami sina ya kunawa mikono.» Tukaenda tena kwa mkunga. Mashauri yake haya nayaandika kama alivyotupa.

Mtoto asiyeanza kutambaa, kumwogesha mwili mzima mara tatu kwa juma kunatosha. Lakini kila siku apanguswe uso, mikunjo ya shingo, makwapa na mikono. Na kila anapojichafua, aoshwe makalio na kukaushwa. Ngozi yake ni nyembamba. Maji mengi na sabuni nyingi zinaondoa mafuta yake, ikawa kavu na kupasuka.

Mtoto anayetambaa na kucheza mavumbini, kila jioni aoshwe kabla ya kulala, hasa miguu, mikono na uso. Wakati wa joto na jasho, kumwosha kila siku si kosa. Akiwa na homa au vipele, mwonyesheni mganga, msidhani sabuni itaponya.

Namna ya kuosha: tia maji baridi kwanza katika beseni, halafu ya moto, usigeuze; wengi wameungua kwa kugeuza. Pima kwa kiwiko: yawe vuguvugu. Funga mlango. Weka nguo kavu karibu kabla ya kuanza. Usikawie, dakika chache zinatosha. Usimwache peke yake hata kidogo, maana mtoto huzama katika maji kidogo tu. Mkaushe kichwa kwanza, kisha mikunjo yote.

Na maji mnayoyaokoa, yawe ya mikono. Nawa kwa sabuni kabla ya kumlisha, na baada ya choo au kumbadili nguo. Nimeona mtoto anang'aa kwa mafuta, ameoshwa mara mbili, na mama anamlisha uji kwa kidole kisichonawa. Kuhara hakuogopi ngozi inayong'aa.

Nami mwalimu nina kosa langu. Zamani, kila siku ya kwanza, nilikagua watoto wa darasa langu mmoja mmoja, na wachafu niliwarudisha nyumbani. Sikuuliza hata mara moja kisima chao kiko mbali gani, wala nani anayeteka maji pale. Kabla ya kumwita mama mchafu, tazameni njia ya maji yake. Baba mwenye mikono miwili anaweza kubeba bidoni. Haina jinsia.

Neno la mwisho. Juma lile lile mke wangu aliniambia: «Mwalimu, twende kwa watu wa yule mjane.» Mwenyewe alikwisha kufa. Tulimkuta binti yake, naye sasa ni bibi mwenye wajukuu. Tulichukua kuku na kibuyu cha pombe ya ndizi. Mke wangu akasema mbele ya watu wa nyumba ile: «Mama yenu alituletea kuni. Mtoto wetu alikufa kwa baridi, si kwa jicho lake. Tulijua, tukanyamaza.» Yule bibi alikaa kimya muda mrefu. Halafu akainuka, akaleta viti.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini yale ambayo hayajamwagika bado, mnaweza kuyangojesha mpaka kesho.