Wageni wa Edgbaston

Tarehe 7 Juni 1975 timu iliyoitwa Afrika Mashariki iliingia uwanja wa Edgbaston, Birmingham, kucheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. Mechi zilikuwa za siku moja, ova 60 kila upande. Glenn Turner wa New Zealand alishika gongo tangu mwanzo hadi mwisho, akabaki hajatolewa na mikimbio yake 171, timu yake ikafika 309. Afrika Mashariki wakajibu kwa 128. Tarehe 11, huko Leeds, India iliwashinda bila kupoteza wiketi hata moja. Tarehe 14 wakarudi Edgbaston kukutana na wenyeji, England, wakatolewa wote kwa mikimbio 94, John Snow peke yake akichukua wiketi nne kwa mikimbio 11. Mechi tatu, vipigo vitatu, wiki moja, kisha wakarudi kwao.

Kwao wapi? Nchi ya Afrika Mashariki haikuwapo. Kulikuwa na Jumuiya ya Kenya, Uganda na Tanzania, nayo ilikuwa imebakiza miaka miwili ivunjike. Wachezaji 14 walitoka katika nchi hizo tatu na Zambia, ambayo haikuwa hata mwanachama. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya, na wengi wa kikosi walikuwa watu wa asili ya Kihindi, waliozaliwa au kukulia katika nchi hizo. Walipopambana na India pale Leeds, majina ya pande zote mbili yangeweza kusomwa katika daftari moja la shule ya Nairobi. Kulikuwa na Wazungu wawili, Don Pringle na Hamish McLeod, na Waganda wawili weusi: Samuel Walusimbi na John Nagenda, mwandishi aliyekuja kuwa mshauri wa Rais Museveni. Huyo Nagenda alizaliwa Gahini, Rwanda. Kwa mtu wa Goma, Kongo, kama mimi, Gahini ni safari ya gari ya siku moja, kwa hiyo najiruhusu kumhesabu kama jirani.

Naishi Birmingham. Basi langu la kazini hupita Pershore Road, ubavuni mwa uwanja huo, na siku za mechi hujaa mashabiki wenye kofia pana na vikapu vya chakula. Mwanzoni sikuwa na habari nao. Goma mchezo ni mpira wa miguu, na timu ni DC Virunga pale Stade de l'Unité. Kriketi tuliijua kama jambo la wanajeshi wa India wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliokaa kwetu miaka mingi. Nilipomweleza mjomba wangu kwa simu kwamba watu hukaa uwanjani tangu asubuhi hadi jioni, aliniuliza: «Siku muzima? Na hakuna hata goli?» Nikamwambia hakuna goli. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama minerval, yaani ada ya shule, ya watoto itafika kabla ya mwisho wa mwezi.

Kilichonivuta ni lile jina. Hapa Birmingham mtu akiniuliza natoka wapi, nikijibu Goma, hatambui. Nikisema Kongo, anafikiria Kinshasa, iliyo mbali na kwetu zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, mji ambao mama yangu hajawahi kuuona. Basi nimezoea kusema Afrika Mashariki. Nasema Kiswahili, nanunua unga wa mahindi kwenye duka la Mkenya, nasali na Warundi na Watanzania. Jina linanitosha vizuri. Tangu 2022, Kongo ilipoingia katika Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, hata karatasi ziko upande wangu.

Goma kwenyewe ni habari nyingine. Jumuiya ilipokuja kwetu ilikuja imevaa magwanda: kikosi cha kikanda, Wakenya wakitangulia Novemba 2022, wakaanza kuondoka Desemba 2023 watu wakiwa wamekwisha kuwazomea kwa kutopigana. Nikisema kwa simu «sisi Wanaafrika Mashariki», wa nyumbani hucheka, tena si kicheko cha furaha. Kwao jina hilo ni la wageni waliokaa mwaka mmoja wakaenda zao. Mimi nalivaa kwa sababu niko mbali. Nadhani ndivyo ilivyokuwa mwaka 1975 pia: Afrika Mashariki ilionekana kuwa nchi ukiitazama ukiwa Uingereza.

Ila kuna tofauti inayoniuma zaidi ya matokeo. Timu ya ziara ina tarehe ya kurudi. Miaka mitatu kabla ya mechi hizo, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 walikuja Uingereza. Halmashauri ya Leicester ililipa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini mwao, nao wakaja. Kwa hiyo Juni ile walikuwapo nchini watu wenye majina kama ya kina Shah, waliokulia Kampala na Jinja, ambao hawakuwa na mechi ya mwisho ya kungoja wala ndege ya kurudi. Kina Harilal Shah walifungwa kila mechi, lakini mimi ningependa kushindwa kwa namna hiyo: upigwe wiki nzima, kisha ukalale kwako.

Maana kwangu mambo yamegeuka. Birmingham ndiko ninakolipa kodi na kugombana na jirani kuhusu mapipa ya taka, na Goma ndiko ninakokwenda ziara. Mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 uwanja wa ndege ulifungwa, na benki pia. Anayekwenda kwetu hushukia Kigali, hupanda gari hadi Gisenyi, kisha huvuka mpaka kwa miguu akivuta sanduku. Nyumbani anapewa kiti kizuri na kipande cha nyama kilicho bora. Waswahili wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi jembe sipewi kamwe. Wadogo zangu wanabeba maji, mimi naambiwa nipumzike. Nikishika dumu, shangazi ananipokonya.

Kina Pringle na Walusimbi walishangiliwa kwa adabu na wenyeji wasiowajua, na hiyo ni haki ya mgeni. Kupewa heshima ya namna hiyo na shangazi yako mwenyewe ni jambo jingine, na sijapata njia ya kumwambia bila kumuudhi.

Mama ananiuliza nitakuja lini na nitakaa siku ngapi. La pili ndilo analolikazia, kwa sababu ya godoro na kuku. Nimetafuta tiketi: ya kwenda tu inakaribia bei ya kwenda na kurudi, na afisa wa mpakani hutaka kuona siku ya kuondoka kabla hajapiga muhuri. Nimekata ya kwenda na kurudi, wiki tatu, kupitia Kigali. Mama ameshaambiwa, na anasema ni chache.